Bata Najua

Darasa la kwanza, mkondo wa kwanza, lilikuwa na watoto arobaini na sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia sentensi ya mwenzake ikifika mwisho. Ukianza kusema tu, umedakiwa. Aliyekudakia naye hakudakia kwa ubaya, maana kabla hajafika popote naye kadakiwa. Aliyepita nje ya dirisha angedhani humo ndani kuna mnada. Mwalimu mkuu alipita nje ya dirisha hilo kila siku, kwa sababu ofisi yake ilikuwa mlango wa pili, na siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu, darasa lako litanitoa roho," alisema. "Sasa sikiliza. Nimetoka semina. Wanasema siku hizi tabia inafundishwa kwa vitabu vya picha. Si fimbo, si kufoka. Picha! Hebu jaribu."

Mwalimu mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimalizia katika chumba kile kile, akimeza vumbi la chaki. Watoto walimwita Bi Enhee, kwa kuwa kila walipojibu vizuri alisema "Enhee!" kwa furaha isiyo na unafiki. Alilijua jina hilo na kujifanya halijui. Semina hakuzipenda, lakini kuchora alikupenda mno, na mkuu alilijua hilo, mjanja yule.

Akachukua kalenda za miaka iliyopita, akachora migongoni mwa karatasi zake kwa kalamu za rangi, akazishona kwa uzi mnene. Kitabu kilimchukua jioni tatu. Kilihusu bata mmoja aliyeitwa Bata Najua, ambaye hakumwacha mtu akamaliza kusema. Mbuzi anakuja kumwambia jambo, Bata anasema, "Najua!" Kobe anakuja, "Najua!" Punda anakuja mbio, jasho linamtoka, "Najua, najua!" Basi Bata anakwenda kujikalia zake kwenye benchi ambalo wote watatu walitaka kumwambia limepakwa rangi muda si mrefu. Ukurasa wa mwisho ulimwonyesha kwa nyuma, makalio yote kijani kibichi.

Kilikuwa kitabu kizuri, tena kizuri hasa. Watoto waliyaona yale makalio wakagaragara sakafuni, na kwa wiki nzima hawakutaka kingine. Wiki ilipokwisha, wakawa wanakatizana vile vile, pengine kuzidi.

Sababu yake ingeonwa na mtu yeyote, isipokuwa mwalimu. Bi Enhee alisoma kitabu kile kama alivyosoma kila kitu maishani mwake, na kama yeye mwenyewe alivyosomewa alipokuwa mdogo. Anapandisha sauti, anaufikia mwanzo wa neno, analiacha likining'inia, na darasa linalidaka.

"Bata akaenda moja kwa moja, akakaa kwenye beee..."

"Nchi!"

"Enhee! Na lile benchi lilikuwa limepakwa raaa..."

"Ngi!"

"Enhee! Kwa hiyo, watoto, si vizuri kumkatiza mwenzako maneee..."

"No!" walijibu watoto arobaini na tano kwa mkupuo mmoja, na vioo vya madirisha vikatetemeka.

Hao walikuwa arobaini na tano. Wa arobaini na sita alikaa dawati la nyuma kabisa, karibu na kabati, na wenzake walimpa jina la Kesho. Walidai ukimuuliza leo, jibu lake utalipata kesho. Msichana huyo hakuwa na kigugumizi wala ugonjwa wowote. Alisema taratibu tu: neno moja, anatulia, anaangalia mbele kama mtu anayepima upana wa mtaro kabla ya kuuruka, halafu la pili. Katika chumba kile mtu wa namna hiyo hakuwa na chake. Neno la kwanza alisema mwenyewe, yaliyobaki akasemewa. Kila siku, mara moja au mbili, alisimama akasema, "Mwalimu, naomba..." na Bi Enhee, bila hata kugeuka kutoka ubaoni, akamalizia, "Kwenda chooni. Nenda, nawa mikono, rudi." Kesho akaenda.

Sasa, shule ile ilikuwa na utaratibu wake. Mwisho wa muhula kila mtoto wa darasa la kwanza aliingia ofisini kwa mkuu, akawekewa picha tatu mezani, na kwa kila picha akatakiwa aseme sentensi moja kamili kwa kinywa chake mwenyewe. Aliyeshindwa alirudishwa chekechea. Na katikati ya muhula mwalimu wa darasa alijaza fomu ya maoni. Katika fomu ya Kesho, Bi Enhee alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kupendeza: *Hasemi. Arudi chekechea.* Huko chekechea Kesho angekaa meza moja na mdogo wake wa miaka mitano.

Barua ya habari hiyo ndiyo iliyomleta bibi yake shuleni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa mhudumu wa simu, enzi zile ukitaka kuzungumza na mji mwingine ni lazima uunganishwe na mtu.

"Nyumbani anasema," bibi alianza. "Anasema sana tu. Juzi kanisimulia habari za paka wa jirani, kaanza nikiloweka nguo, kamaliza zimeshakauka."

"Bibi, nyumbani ni nyumbani. Mimi hapa nina watoto arobaini na sita."

"Najua kazi unayo, mwanangu. Nakuomba kitu kimoja tu. Niruhusu nikae pale nyuma na mjukuu wangu, kipindi kimoja."

Bi Enhee hakuona ubaya. Kusema kweli alifurahi kupata mtazamaji. Siku hiyo alisoma *Bata Najua* kwa madoido yote, akaiga sauti ya mbuzi, akachechemea kama kobe, na watoto wakaitikia mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Kengele ilipolia, bibi alikuja mbele na ile barua mkononi. Nyuma yake ilikuwa imejaa vijistari vya penseli, vimepangwa vitano vitano.

"Hii ni nini, Bibi?"

"Ni maneno uliyoyaacha nusu. Sitini na matatu, kama sikukosea. Pale kwenye benchi ulikwenda mbio, pengine yamenipita."

"Lakini hiyo ndiyo njia ya kufundisha! Watoto wanashiriki. Hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo."

"Sikatai. Ila umewazoesha kwamba mtu akivuta pumzi tu, zamu yao imefika. Halafu unawachorea bata." Bibi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Mimi kule kwenye simu, laini ingekatika mara sitini na tatu kwa nusu saa, wangenifukuza kazi kabla ya chai."

Bi Enhee alikasirika. Alikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani, akakasirika akivua viatu, akamkuta mume wake, dereva mstaafu, amekaa kibarazani na redio, akammwagia yote.

"Yaani mtu anakuja darasani kwangu, anakaa kwenye dawati la..."

"Nyuma," alisema mume wake.

"Anaanza kunichorea vijistari kwenye..."

"Barua."

Bi Enhee akageuka. Akamtazama mumewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Wewe, tangu lini unanimalizia maneno?"

"Tangu unioe," alisema yule mzee, ambaye mizaha yake haikuwa imestaafu. "Si unaniachia? Ukiacha, nadaka."

Bi Enhee hakucheka. Alikwenda jikoni akasimama karibu na sinia la vyombo bila kuosha hata kimoja, na hasira ikamtoka polepole, ikabaki aibu. Miaka ishirini na sita.

Kuacha ilikuwa kazi kweli kweli. Siku iliyofuata alijaribu kusoma kila neno mpaka mwisho wake, na watoto hawakujua la kufanya na midomo yao. Alipotua kuvuta pumzi, wakadaka hata pasipokuwa na kitu cha kudaka. Alipofika "benchi", ulimi wake wenyewe ukamsaliti, ukavuta "beee", na darasa zima likamalizia kwa shukrani. Siku ya tatu akaja na utaratibu mwingine. Kitabu kitazunguka. Aliyekishika anasema yake juu ya ukurasa uliofunguka, na mpaka afunue ukurasa unaofuata, hakuna mwingine wa kufungua mdomo, hata mwalimu.

Yalikuwa mateso. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyeitwa Spika kwa sababu ya sauti yake. Huyo alikalia mikono yake miwili, akabana midomo, machozi yakamlenga kwa uchungu wa kujua jibu. Wengine walishikana mabega. Mwalimu naye alijiuma ulimi, na hilo si la mfano, alijiuma kweli. Lakini siku zilikwenda. Mwisho wa wiki ya pili kitabu kiliweza kupita madawati manne bila mtu kudakiwa, na mkuu akasimama dirishani kuangalia kama watoto wapo.

Ilipofika zamu ya Kesho, kitabu kilipelekwa nyuma mkono kwa mkono. Alikipokea, akakisogeza karibu na pua, akaangalia ukurasa wa punda. Akatulia. Mwalimu alianza kuhesabu moyoni. Saba. Kumi na mbili. Spika alitoa sauti ndogo puani, akajizuia. Kumi na tisa.

"Mwalimu," alisema Kesho. "Naomba..."

Neno *chooni* lilikuwa tayari kwenye ulimi wa mwalimu. Alilimeza.

"Naomba... nikae... mbele. Hapa nyuma... picha... siioni. Na chooni... mimi huwa... siendi. Nasimama tu... pale bombani."

Hakuna aliyecheka. Watoto wa umri ule hucheka kwa kila kitu, lakini walikuwa wameshughulika na kusubiri na hawakupata nafasi. Bi Enhee alikwenda nyuma, akambebea yule mtoto madaftari yake, akamketisha dawati la kwanza. Aliporudi ubaoni aliwapa mgongo kwa muda mrefu, akifuta maandishi yaliyokwisha kufutika. Muhula mzima mtoto alikuwa ametumwa kusimama bombani.

Zilibaki wiki tatu kabla ya ile siku ya picha. Kesho alikaa mbele na kuona. Alisema, lakini hakusema haraka zaidi. Aliyetegemea muujiza wa namna hiyo asimlaumu mtu. Alisema kwa mwendo wake ule ule, na sentensi zake zilifika. Wasiwasi wa mwalimu ulikuwa kwingine. Ofisini hakutakuwa na kitabu cha kushika wala zamu ya kungoja. Kutakuwa na mkuu, na mkuu naye alikuwa amefundishwa shule kama ile.

Siku ilifika. Mkuu alivua saa yake ya mkononi, akailaza mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto arobaini na sita wa mkondo huu na arobaini na wanne wa ule mwingine, na alitaka kila mmoja afaulu, tena upesi. Bi Enhee alikaa pembeni na orodha. Watoto waliingia mmoja mmoja, wakasema zao, wakatoka wakikimbia.

Kesho aliingia akasimama mbele ya meza. Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anafagia.

"Mama," alisema Kesho. "Mama... ana..."

"Anafagia!" alisaidia mkuu, akitabasamu. "Vizuri. Anafagia nyuuu..."

Kesho alimtazama.

"Nyumba," alisema mkuu. "Haya, hiyo tumeshamsaidia, haihesabiki. Twende ya pili." Akaweka picha ya mtoto na mpira. "Huyu anafanya nini? Anachezaaa..."

Kesho akafunga mdomo. Bi Enhee aliujua mfungo huo. Bibi alikwisha kumwambia: ukimkata, siku hiyo hasemi tena. Mkuu aligeuza saa yake kidogo, akahema, akachukua kalamu.

"Pole, mwalimu. Lakini si wewe mwenyewe uliyeandika kwamba hasemi? Ulikuwa sahihi. Kwa hiyo niandike..."

"Subiri," alisema Bi Enhee.

Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumkatiza mwalimu mkuu yeyote, na alikwishafanya kazi chini ya wanne. Sauti yake mwenyewe ilimshtua.

"Niliandika uongo," aliendelea. "Sikujua kama ni uongo, lakini ni uongo. Sikuwahi kumsikiliza mtoto huyu hata mara moja mpaka mwisho. Ninaomba uanze upya, na ninaomba, mkuu wangu, unisamehe, usimsaidie. Ulimi ukikuwasha, jiume."

Mkuu alimkodolea macho. Kisha, sijui kwa sababu ya mshangao au ya semina, akarudisha picha ya kwanza mezani, akakunja mikono kifuani.

Wakangoja. Saa ilikuwa mezani na wote watatu waliisikia. Nje, wale waliomaliza walikuwa wanapiga kelele zao. Mkuu alifungua mdomo mara mbili na mara mbili akaufunga, na jasho lilimtoka mtu yule kama anayebeba mzigo. Bi Enhee hakuhesabu. Alikuwa anaogopa, basi. Aliogopa kwamba amechelewa, kwamba kufuli limeshafungwa kwa siku nzima na ni mkono wake uliofundisha dunia kulifunga.

"Mama," alisema Kesho, "ana... fagia... chumba... ambacho... kimeshafagiliwa. Takataka... haipo."

Mkuu aliinamia picha. Kweli, mchoraji alisahau kuchora takataka. Watoto arobaini waliotangulia walisema "mama anafagia" na kukimbia.

Ya pili na ya tatu zilikwenda vivyo hivyo. Zote zikachukua dakika saba. Mkuu akaandika *Abaki*, akavaa saa yake, akasema kwa sauti ya chini, "Kaifute ile fomu yako kwenye faili, uweke sahihi. Nisingependa ibaki."

Bibi alikuwa ameketi nje kwenye benchi. Alipoambiwa, hakushangilia. Aliushika mkono wa mjukuu wake, akasema, "Haya, twende utanisimulia," wakashika njia bila haraka.

Faili la fomu lilikuwa kwenye kabati la chumba cha walimu, limefungwa kwa utepe. Bi Enhee aliipata fomu ya Kesho, akaikata kwa mstari, akatia sahihi. Chini yake palikuwa na nyingine. Aliisoma akiwa amesimama. *Hasemi. Arudi chekechea.* Akafunua. Wino ulibadilika, bluu ikawa nyeusi, mwandiko ukawa wa ujana zaidi, maneno yakawa yale yale. Zilikuwa kumi na moja bila ya Kesho. Sura za wanne alizikumbuka. Ya mwisho kabisa chini ilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, karatasi imegeuka manjano, na jina lake hakuwa na haja ya kulikumbuka, maana mwenye jina alikuwa nyuma ya jengo wakati huo huo, akigonga nyundo.

Alikuwa seremala wa shule. Kila mwisho wa muhula aliitwa kukarabati madawati, na kila mwisho wa muhula yeye na Bi Enhee walizungumza, ikiwa kule ni kuzungumza. Fundi alisema, "Mwalimu, hili dawati..." na mwalimu akamalizia, "Mguu umelegea. Tia msumari," akapita zake. Alimhesabu kuwa mtu mpole asiye na maneno.

Alitoka nje. Seremala alikuwa amepiga magoti juu ya maranda, misumari miwili mdomoni. Alipomwona alisimama, akaitoa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi."

Kwa kawaida hapo ndipo alipopita. Safari hii alisimama. Fundi alingoja apite, akaona hapiti, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine anayesubiriwa.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "nilikuwa... nataka..."

Mbao. Misumari. Malipo ya muhula uliopita. Bi Enhee alikuwa na majibu matatu tayari na alikaa nayo kimya.

"Nilikuwa nataka... kukuambia. Mwaka... wa pili huu." Fundi alizungusha misumari kiganjani. "Mwanangu... mwakani... anaanza la kwanza. Na wewe ndiye... unayepanga... mikondo."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

"Yeye... yuko... kama mimi. Naomba..." Akatulia hapo kwa muda mrefu, na Bi Enhee hakusogea. "Naomba... asipangwe... kwako."

Yapo mengi ambayo angeweza kumwambia. Kwamba mambo yamebadilika, kwamba sasa anajua, kwamba saa hiyo hiyo ametoka ofisini ambako mtoto wa aina hiyo amefaulu kwa sababu yake yeye. Yote yalikuwa ya kweli na yote yalikuwa yamefika kooni. Lakini fundi alikuwa anavuta pumzi, na haikujulikana kama amemaliza. Mwalimu akangoja.

"Ni hilo... tu," alisema fundi.

"Nimekusikia," alisema Bi Enhee. "Nitampanga mkondo wa pili."

Fundi akashukuru, akarudisha misumari mdomoni, akapiga magoti kuendelea na kazi.